Tenisi na Maisha Marefu: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Daktari

Barua nyingi zilizofika katika ukurasa huu zinahusu mchezo wa tenisi na faida zake kwa mtu anayezeeka. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwasaidia wasomaji wengi, na majina ya waandishi nimeyahifadhi.

Je, ni kweli tenisi huongeza miaka kumi?

Daktari, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na kwa muda mrefu zoezi langu limekuwa ni kutembea kila asubuhi. Kijana wangu amenionyesha habari inayosema kwamba mtu anayecheza tenisi huishi karibu miaka kumi zaidi ya asiyefanya mazoezi, ilhali anayekimbia huongeza miaka mitatu tu. Je, habari hiyo ni ya kweli? Na je, niache kutembea nijifunze tenisi? *– Mwalimu Mstaafu, Moshi*

Shikamoo, Mwalimu. Habari aliyokuonyesha kijana wako ina chanzo cha kweli, ila wasimuliaji wake wameacha maneno ya muhimu njiani. Chanzo chenyewe ni utafiti mkubwa wa afya ya moyo unaofanywa katika mji wa Copenhagen, Denmark, ambao sehemu yake inayohusu michezo ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Mayo Clinic ya Marekani. Watu 8,577 waliopimwa na kuhojiwa kati ya mwaka 1991 na 1994 walifuatiliwa kwa muda uliofikia miaka 25. Wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi yoyote, wacheza tenisi walikadiriwa kuishi miaka 9.7 zaidi, wacheza badminton miaka 6.2, wacheza soka 4.7, waendesha baiskeli 3.7, waogeleaji 3.4, wakimbiaji wa mwendo wa taratibu 3.2, na wanaofanya mazoezi katika kumbi za mazoezi 1.5.

Takwimu hizo ni za kweli, lakini hazina maana kwamba ukinunua raketi leo umejinunulia miaka tisa na ushei. Utafiti wa aina hii huwatazama watu kama walivyo. Hauwagawi kwa kura kwamba huyu acheze na yule asicheze. Anayecheza tenisi kule Denmark kwa kawaida ana kipato, ana muda, na ana afya inayomruhusu kukimbilia mpira. Watafiti walijitahidi kuzingatia mambo kama umri, elimu na uvutaji wa sigara katika hesabu zao, lakini hakuna hesabu inayoweza kuondoa tofauti zote za maisha. Zaidi ya hayo, mtu ambaye moyo wake umeanza kudhoofika kimyakimya huacha raketi mapema, kabla hajajua kwamba anaumwa, na hivyo kundi la wachezaji hubaki na wenye afya peke yao.

Kwa sababu hiyo napenda kuutazama utafiti huo pamoja na mingine miwili. Wa kwanza ulifanywa Uingereza na Scotland kwa watu wazima 80,306, na ulionyesha kwamba waliocheza michezo ya raketi, yaani tenisi, badminton na skwoshi, walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika kipindi cha utafiti kwa asilimia 47, na kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa asilimia 56. Wa pili ni wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, na uliwahusu watu 272,550 wenye umri kati ya miaka 59 na 82, yaani rika lako hasa. Humo michezo ya raketi iliongoza tena, lakini punguzo lilikuwa asilimia 16, na kukimbia kulifuata kwa asilimia 15. Kwa mtu wa umri wako mimi naiamini zaidi takwimu hii ya mwisho. Ni ndogo, lakini hakuna mtu mwenye busara atakayeidharau.

Kwa nini mchezo huu unaonekana tena na tena katika nafasi za juu? Ukikaa pembeni mwa kiwanja utaona kwamba pointi moja huchukua sekunde chache, mara nyingi zisizofika kumi, kisha wachezaji hutembea, huokota mpira na kupumua kabla ya pointi nyingine. Moyo hupandishwa na kushushwa mara nyingi ndani ya saa moja, na namna hiyo ya kuufanyisha kazi huujenga vizuri bila mchezaji kuhisi anateswa. Miguu inakwenda mbele, nyuma na pembeni, na inasimama ghafla. Kutembea kwa mstari ulionyooka hakukupi zoezi la kwenda upande na kujisawazisha, na huo ndio uwezo tunaoupoteza kwanza tunapozeeka, tukaanza kuanguka bafuni na kwenye ngazi.

Lakini sababu ninayoipa uzito kuliko zote ni kwamba tenisi huwezi kuicheza peke yako. Kuna mtu anayekusubiri kiwanjani saa kumi na moja jioni, na usipotokea atapiga simu. Watafiti wa Copenhagen wenyewe walitaja jambo hili la kukutana na watu kama maelezo yanayowezekana ya matokeo yao, kwa kuwa michezo iliyoshika nafasi za juu ni ile unayoicheza pamoja na wenzako. Kuna pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, uliowafuatilia kwa miongo kadhaa wanaume 1,019 waliohitimu udaktari kati ya mwaka 1948 na 1964. Waliokuwa hodari katika tenisi ujanani waliugua moyo kwa kiwango kidogo zaidi, na tenisi ndiyo iliyoonekana kuendelea kuchezwa walipofika umri wa makamo, wakati michezo mingine mingi ya ujanani ilikuwa imekwisha kuachwa. Zoezi linalodumu miaka thelathini hufanya kazi ambayo zoezi la miezi mitatu, hata likiwa kali namna gani, haliwezi kuifanya.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiache kutembea hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili au zaidi kwa wiki, na kwa wenye umri wa miaka 65 na kuendelea mazoezi ya kujisawazisha mara tatu. Kutembea kwako kunatimiza sehemu ya kwanza. Ukiongeza tenisi ya wawili wawili, yaani wachezaji wawili kila upande wa wavu, siku mbili kwa wiki, utakuwa umegusa sehemu zilizobaki pia, ingawa misuli ya mgongo, tumbo na mapaja bado itahitaji zoezi lake mahususi. Jaribu kwa muda, na kama moyo wako hauupendi mchezo huu, tafuta mwingine utakaokufanya uwasubiri wenzako nao wakusubiri wewe.

Kiwiko kinauma, je, nichomwe sindano?

Daktari, nina miaka 44, nafanya kazi ya ofisini na nimeanza tenisi mwaka huu. Sasa upande wa nje wa kiwiko cha mkono wa kulia unauma kiasi kwamba kuinua sufuria ni shida. Rafiki yangu alichomwa sindano akapona kwa wiki moja. Je, nami nikachomwe? *– Mchezaji Mpya, Nairobi*

Maelezo yako yanaelekea kwenye tatizo linaloitwa kiwiko cha mcheza tenisi, ingawa mafundi seremala, wapishi na wanaofua nguo kwa mikono huugua pia. Misuli inayoinua kifundo cha mkono imeshikizwa kwa kano kwenye mfupa ulio upande wa nje wa kiwiko, na kano hiyo inapopewa kazi kubwa kuliko ilivyozoea, inachoka na kuharibika kidogo kidogo. Ndiyo maana inauma unapoinua kitu huku mgongo wa mkono ukiwa juu, unapokamua nguo, au unaposalimiana na mtu mwenye mkono mzito.

Kuhusu sindano ya dawa za jamii ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, nakusihi usiikimbilie. Tafiti za kulinganisha zilizofanywa Australia, zikachapishwa mwaka 2006 na 2013, zilionyesha kwamba waliochomwa walipata nafuu kubwa katika wiki za mwanzo, lakini baada ya mwaka mmoja hali yao ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya wale ambao hawakuchomwa, na maumivu yaliwarudia mara nyingi zaidi. Rafiki yako amesimulia wiki ya kwanza, na mimi ningependa kusikia habari zake baada ya miezi sita.

Kinachosaidia ni kupunguza mzigo kwa muda na kisha kuijenga kano upya kwa subira. Kaa mezani, laza mkono juu ya meza huku kiganja kikitazama chini na kifundo kikining'inia nje ya ukingo, ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Tumia mkono wa pili kuinua kifundo hadi juu, kisha uache ule mkono unaouma uishushe chupa peke yake, polepole, ukihesabu hadi nne. Rudia mara kumi na tano, pumzika, kisha fanya tena. Maumivu kidogo yanavumilika; maumivu makali ni dalili kwamba chupa ni nzito mno. Zoezi hili hufanywa kwa wiki nyingi, na wagonjwa walio wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu wala sindano.

Kisha kagua raketi yako. Ishike kama unavyoishika unapocheza, na uone kama kidole cha shahada cha mkono wa pili kinaenea katika nafasi iliyopo kati ya ncha za vidole vyako na kiganja. Kisipoenea, mpini ni mwembamba na unakulazimisha kuubana kwa nguvu. Nafasi ikizidi, mpini ni mnene mno. Mwambie anayefunga nyuzi azilegeze kidogo. Usicheze na mipira iliyolowa maji. Zaidi ya yote, mwombe mwalimu wako atazame lile pigo ambalo mgongo wa kiganja ndio unaotangulia kuuelekea mpira, kwani wanaoanza huupiga mpira ukiwa umekwisha kuwapita, kifundo kimekunjwa, na nguvu yote huishia kwenye kiwiko. Kupiga kwa mikono miwili kunapunguza tatizo hilo sana.

Ukihisi ganzi kwenye vidole, ukishindwa kunyoosha kiwiko, au maumivu yakianzia shingoni, usiendelee kujitibu; muone daktari.

Mume wangu ana presha na kisukari, lakini anataka kurudi kiwanjani

Daktari, mume wangu ana miaka 52. Anatumia dawa za shinikizo la damu na za kisukari, na tangu ujana wake hajagusa raketi. Sasa wenzake kazini wamemshawishi wacheze kila Jumamosi saa nane mchana. Mimi nina hofu, yeye anasema mazoezi ni dawa. Nani ana haki? *– Mke Mwenye Wasiwasi, Mombasa*

Dada yangu, nyote wawili mna haki, na ombi langu ni kwamba barua hii muisome pamoja. Mazoezi ni dawa kwa mtu mwenye presha na kisukari, na sitaki abaki nyumbani. Hata hivyo, hatari ya moyo kusimama wakati wa michezo huwaangukia zaidi wale wanaojitupa ghafla katika zoezi kali baada ya miaka mingi ya kukaa, na Jumamosi moja kwa wiki juani ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kuanza.

Kwanza aende kliniki yake. Apimwe presha, na ikiwa imefika 180 kwa 110 au zaidi, asicheze mpaka ishuke. Kwa umri wake na maradhi hayo mawili, amwombe daktari amfanyie kipimo cha umeme wa moyo, na amweleze waziwazi kwamba anakusudia kucheza tenisi, si kutembea tu. Kisha atembee kwa kasi karibu kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya kushika raketi. Akianza, aanze na kurushiana mpira kwa utulivu karibu na wavu, halafu wawili wawili. Mechi ya mmoja kwa mmoja isubiri.

Dawa anazotumia zina mambo yake. Akiwa anatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka akiwa kiwanjani, au hata saa kadhaa baadaye usiku. Apime kabla ya kucheza, na ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Awe na sukari au juisi mfukoni, na wenzake wajue kwamba akianza kutetemeka, kutokwa jasho jingi lisilo la kawaida au kuongea mambo yasiyoeleweka, wampe mara moja. Akiwa anatumia dawa kama atenololi, mapigo ya moyo hayatapanda kama ya wengine, kwa hiyo asijipime kwa mapigo. Ajipime kwa mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, apunguze. Kila baada ya mchezo akague miguu, katikati ya vidole na chini ya nyayo, kwani kidonda kidogo cha kiatu kwa mwenye kisukari kinaweza kufika mbali bila maumivu yoyote. Wakati wa mfungo wa Ramadhani apangiwe upya dawa na daktari wake, na mchezo uhamie baada ya futari.

Kuhusu saa nane mchana, hapo nasimama upande wako bila kusita. Joto la Mombasa linakuja na unyevu, na hewa ikishiba unyevu jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo huishiwa maji upesi zaidi. Wacheze saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Akihisi kifua kubana, maumivu ya taya au ya mkono, kizunguzungu, au pumzi kukatika kuliko kazi aliyoifanya, aache palepale na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asikubali kuambiwa ni gesi.

Sina klabu wala fedha

Shikamoo Daktari. Nina miaka 23. Unaandika kuhusu tenisi, lakini huku kwetu ni mchezo wa wenye nazo. Ada za klabu siziwezi. Sisi tufanyeje? *– Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, kijana wangu. Unalosema ni kweli na lina historia. Tenisi iliingia kwetu kupitia klabu za wakoloni, na viwanja vingi vya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi vimebaki hadi leo ndani ya kuta za gimkhana na klabu za wanachama. Hata hivyo, Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, alishinda taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022 akiwa na mwenzake kutoka Uholanzi. Kipaji hakikukosekana, viwanja ndivyo vilivyokosekana.

Nataka uangalie jambo moja. Kiwanja cha netiboli, ambacho kipo katika shule nyingi nchini, kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Kiwanja kamili cha tenisi ya wawili wawili ni mita 23.77 kwa 10.97. Kinaenea ndani yake, ingawa nafasi ya nyuma inabaki ndogo. Ukitumia mipira ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa wanaojifunza, ambayo mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 50 hivi, unachora kiwanja cha mita 18 tu, na nyuma ya kila mstari panabaki zaidi ya mita sita. Panahitajika chokaa, wavu na kibali cha mwalimu mkuu. Halmashauri zetu zingeweza kufanya jambo hili kwa gharama ndogo sana, na inanisikitisha kwamba halifanyiki.

Kama hata hilo haliwezekani, ukuta wa jengo lisilo na madirisha utakufundisha mapigo yote, na badminton inahitaji kamba kati ya miti miwili. Kumbuka kwamba katika utafiti wa Copenhagen badminton ilishika nafasi ya pili.

Je, nimechelewa?

Daktari, mimi ni bibi wa wajukuu saba, nina miaka 68. Mkwe wangu anafundisha tenisi na anataka nijiunge na kikundi cha kina mama. Nahofia mifupa yangu. *– Bibi, Tanga*

Shikamoo, Mama. Hukuchelewa. Dorothy Cheney wa Marekani, aliyetwaa ubingwa wa Australia mwaka 1938, aliendelea kushindana hadi miaka yake ya tisini, na mwaka 2021 Leonid Stanislavskyi wa Ukraine alicheza mashindano ya dunia ya wazee akiwa na miaka 97. Siwataji ili uwafikie, bali uone kwamba viungo vya mwanadamu vinaweza.

Kuhusu mifupa nitakueleza ukweli. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1995 uliwalinganisha wanawake wacheza tenisi na skwoshi, ukaona kwamba mfupa wa mkono unaoshika raketi umenenepa kuliko wa mkono wa pili, na kwamba waliouanza mchezo kabla ya kuvunja ungo au karibu na wakati huo walipata ongezeko la mara mbili hadi nne ya waliochelewa. Kwa hiyo katika umri wako usitarajie mifupa inenepe sana. Utakachopata ni miguu yenye nguvu na mwili unaojua kujisawazisha, na kwa mwanamke wa miaka 68 kutoanguka ndiyo kinga kubwa ya nyonga. Wapeleke pia wajukuu, kwani wao ndio watakaovuna mfupa.

Kabla ya kuanza, umwambie daktari wako kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Vaa viatu vya michezo vyenye soli pana, si vya kukimbilia, kwa kuwa hivyo hupinda mguu unapokwenda upande. Kama magoti yanauma, cheza kwenye udongo badala ya saruji. Kubalianeni mpira udunde mara mbili, kama inavyoruhusiwa kwa wanaocheza wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Na mpira ukipigwa juu ukakupita kichwani, usirudi kinyumenyume huku ukiutazama, kwa kuwa hapo ndipo wazee wengi huanguka wakavunjika kifundo cha mkono au nyonga. Mwachie mwenzako, au ugeuke kwanza ndipo ukimbie. Mwombe mkwe wako akufundishe kugeuka huko siku ya kwanza, kabla hajakufundisha pigo lolote.